Daftari la mjukuu: Mradi wa Utafiti wa Maji Maji, Mlimani 1968

Hesabu ya umri wa mashahidi wa Maji Maji ni ya shule ya msingi. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 huko Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, watu walipoingia kwenye shamba la pamba la serikali ya Wajerumani wakaanza kung'oa mashina. Kijana aliyekuwa na miaka 15 siku ile, mwaka 1968 alikuwa na 78. Aliyekuwa na 25 alikuwa na 88. Kwa hiyo mwaka 1968 mashahidi walikuwa bado wapo, wamekaa barazani kwao Kilwa, Liwale, Mahenge na Songea, na kila masika ikipita wanapungua.

Mwaka huo Idara ya Historia pale Mlimani, chuo kikuu cha Dar es Salaam, ilifanya jambo ambalo mpaka leo naliona la ujasiri. Kazi ya kuwatafuta wazee hao na kuyaandika maneno yao haikuachwa kwa wahadhiri peke yao. Iliwekwa mikononi mwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, vijana ambao wengine walikuwa wanarudi kwenye vijiji vya babu zao. Walisimamiwa na wanahistoria wawili: John Iliffe, Mwingereza aliyekuwa akifundisha hapo, na Gilbert Gwassa, Mtanzania aliyekuwa bado safarini kuelekea shahada ya uzamivu. Mwaka 1969 chuo kilizikusanya kazi za wanafunzi hao na kuzitoa pamoja. Huo ndio Mradi wa Utafiti wa Maji Maji.

Nafundisha historia chuo kikuu. Kisa hiki nakirudia darasani kila mwaka, na kila mwaka nakiona tofauti kidogo. Siku hizi vyuo vyetu vinasema sana kuhusu kuwashirikisha wanafunzi. Mwisho wa muhula mwanafunzi anapewa fomu ya tathmini, anatia vema kwenye visanduku. CR, mwakilishi wa darasa, anaitwa kwenye kikao cha idara, anakaa kiti cha mwisho karibu na mlango, anaulizwa kama vipaza sauti vya ukumbini vinafanya kazi. Sina ubaya na fomu wala na kikao. Lakini hapo mwanafunzi anaombwa maoni juu ya kazi ya mtu mwingine. Mwaka 1968 mwanafunzi alipewa kazi yenyewe, na ilikuwa kazi ambayo mwalimu wake hakuwa na uwezo wa kuimaliza bila yeye. Hapo ndipo ninapotaka tukae.

Nani alikuwa na nini mkononi

Idara yenyewe ilikuwa changa. Terence Ranger, profesa wake wa kwanza wa historia, alikuwa amefukuzwa Rhodesia mwaka 1963. Mwaka 1965 wanahistoria wa Afrika kutoka nchi nyingi walikutana Dar es Salaam, na swali lililokuwa hewani lilikuwa ni namna gani historia ya Mwafrika itaandikwa wakati karatasi zote zimeandikwa na aliyemtawala. Kwa Maji Maji swali hilo lilikuwa kali kuliko kawaida. Kitabu kikubwa cha wakati ule kuhusu vita hivyo kilitolewa mwaka 1909 na Gustav Adolf von Götzen, gavana yule yule aliyevizima. Faili za maboma, ofisi za utawala za Wajerumani, zilikuwepo, lakini ofisa wa boma aliandika alichokiona kutoka bomani: nani kashambulia, bunduki ngapi, wangapi wamenyongwa. Yaliyosemwa usiku kwenye nyumba za watu hakuyasikia.

Iliffe alikuwa na uwezo wa kuzisoma faili hizo. Alikuwa na mbinu za taaluma na jicho la kulinganisha wilaya moja na nyingine. Mwanafunzi wa mwaka wa pili kutoka Umatumbi au Ungoni hakuwa na hayo, au alikuwa ndiyo kwanza anajifunza. Yeye alikuwa na kitu kingine: lugha ya mama yake, ukoo wake, na haki ya kuuliza.

Hilo la haki ya kuuliza linahitaji maelezo kidogo, maana watu wa mjini hulipita haraka. Yeyote aliyewahi kufanya mahojiano na wazee wa kusini anajua kwamba swali la kwanza halitoki kwako. Unafika, unavua viatu, unasema shikamoo, unajibiwa marahaba, unaonyeshwa kigoda au mkeka. Kisha mzee anakuuliza wewe: wewe wa nani? Ukisema jina la baba yako, atauliza la babu. Ukisema la babu, atanyamaza kidogo, labda atamwita mkewe aje akuone. Kama babu yako alikuwa jumbe au akida, au askari wa Mjerumani, hilo nalo atalijua kabla yako. Mtaongea mvua, mtaongea bei ya ufuta, utapewa maji au muhogo. Daftari liko mfukoni muda wote huo. Likitoka mapema, mazungumzo yamekwisha, kwa sababu mtu mwenye karatasi katika vijiji hivyo kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kodi.

Mgeni anaweza kujifunza adabu hizo zote na bado akakosa jibu la lile swali moja: wewe wa nani? Mzee ambaye ndugu yake alinyongwa hana sababu ya kumsimulia mtu asiye wa mtu. Mjukuu ana wa kumtaja.

Lugha nayo haikuwa suala la tafsiri tu. Wazee wa Umatumbi waliokuwa wamehojiwa na Gwassa walisimulia jinsi habari za Kinjikitile Ngwale zilivyotoka Ngarambe na kupita kijiji hadi kijiji kabla ya vita. Alikuwa amepagawa na pepo aitwaye Hongo, alizama kwenye maji na kutoka mkavu, na alikuwa akitoa dawa ya maji itakayoigeuza risasi kuwa maji. Kupita huko kwa habari kulikuwa na jina lake: njwiywila, maneno ya kunong'onezana. Sasa chukua neno hilo umpe mtu anayezijua faili peke yake. Atasoma kwamba boma lilishtukizwa, atasema vita vilizuka ghafla. Mwenye neno njwiywila anajua kwamba palikuwa na muda mrefu wa watu kuambizana, kwenda Ngarambe makundi kwa makundi wakijifanya wanakwenda kutafuta uganga wa kawaida, na kurudi na ahadi. Neno moja la kijijini linabadilisha sura nzima ya kitabu.

Kwa hiyo pale Mlimani kila upande ulikuwa maskini wa kitu ambacho mwenzake anacho. Mwalimu bila mwanafunzi alibaki na Götzen. Mwanafunzi bila mwalimu alibaki na masimulizi ya kijiji kimoja ambayo hana pa kuyalinganisha. Nimesoma maelezo mengi ya namna ya kujenga ushirika baina ya wahadhiri na wanafunzi, na mengi yanaanza na moyo mzuri wa mwalimu. Katika kisa hiki hakuna haja ya kumsifu mwalimu kwa moyo mzuri. Alihitaji msaada, na akakubali kwamba anauhitaji.

Kijana aliyerudi nyumbani

Wakati nao ulisaidia, ingawa ulikuwa wakati mgumu. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na Machi mwaka huo huo Elimu ya Kujitegemea, ambamo Mwalimu alilalamika waziwazi kwamba shule zetu zinamfundisha kijana kuwadharau wazee wake na kuamini kwamba maarifa yote yanatoka vitabuni au kwa msomi. Mwanafunzi wa chuo alitazamwa kwa jicho la mashaka: huyu anakula kodi ya mkulima, atamrudishia nini?

Ndani ya hali hiyo, mwaka mmoja baadaye, kijana anarudi kijijini na anakaa mkekani kama mwanafunzi wa babu yake. Safari hii mwenye elimu ni yule asiyejua kusoma. Sidhani kama palikuwa na somo lolote la siasa pale chuoni ambalo lingeweza kufundisha jambo hilo vizuri zaidi. Nikiwaeleza wanafunzi wangu hapa huwa wananyamaza, kwa sababu wengi wao wanajua wanavyoongea na bibi zao wakirudi likizo: dakika tano, halafu simu.

Masimulizi hayo hayakubaki kwenye idara moja. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, aliyesomea sanaa za maonyesho hapo hapo Mlimani, alitoa tamthilia ya Kinjeketile, juu ya Kinjikitile yule yule. Tamthilia si historia, na yeye alimuumba Kinjeketile wake kwa mahitaji ya jukwaa. Lakini hebu tazama chuo kimoja, mwaka mmoja: juu ya meza moja kuna madaftari ya mahojiano, na jukwaani mtu mwenye mashaka juu ya neno alilolitoa mwenyewe. Huko ndiko chuo kuwa hai.

Jina kwenye jalada, namba chini ya ukurasa

Nilipoanza kuufundisha mradi huu niliusifu tu. Nikautazama tena, nikaona pana sehemu inayouma.

Kazi moja ya mradi ilipata bahati. O. B. Mapunda na G. P. Mpangara waliandika juu ya vita vya Maji Maji huko Ungoni, na mwaka 1969 ikachapishwa kama kijitabu cha kwanza katika mfululizo wa mradi, majina yao wawili yakiwa kwenye jalada. Ukitaka kujua kwa nini jambo hilo lina uzito, fikiria Ungoni ilivyokuwa. Dawa haikuzaliwa huko. Ililetwa na mtu aitwaye Kinjala kutoka nje, ikawakuta watawala wenye majeshi na fahari yao, Chabruma upande wa Mshope na Mputa Gama upande wa Njelu, pamoja na manduna, wakuu walio chini yao, kama Songea Mbano. Watu hao walikuwa na hesabu zao na Wajerumani tangu miaka ya 1890. Mkulima wa Umatumbi anayeng'oa pamba na nkosi, mtawala wa Wangoni, anayeamua kama jeshi lake linywe dawa ya mgeni wako ndani ya vita vimoja, lakini kila mmoja ana sababu yake. Ili kuliandika hilo vizuri lazima uwe karibu na koo zenyewe. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni kwa wingi, Mputa akiwa mmojawapo, na hadi leo siku hiyo hukumbukwa Songea kila mwaka. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo hapo akaomba radhi mbele ya wajukuu wa walionyongwa. Historia ya huko haijawahi kuwa ya kale. Watu wanaijua kwa majina.

Na majina ndiyo yaliyopotea kwingineko. Wanahistoria wengi waliotumia mradi huu, wa hapa na wa nje, wamezitaja kazi za wanafunzi kwa mtindo wa kumbukumbu za ofisini: herufi za kifupi cha jina la mradi, kisha namba zilizotenganishwa kwa mikwaju, mojawapo ikiwa 68, yaani mwaka. Hata historia kubwa ya Tanganyika aliyoitoa Iliffe mwaka 1979, ambayo naiheshimu sana, ina namba hizo chini ya kurasa zake za Maji Maji. Ni utaratibu halali kabisa wa taaluma. Mtafiti anaweza kuifuata namba akaifikia karatasi. Lakini nyuma ya kila namba kuna watu wawili: kijana aliyepanda basi na kuvuka Rufiji kwa kivuko, na mzee aliyemwambia kitu ambacho huenda hakuwahi kumwambia mtu mwingine. Wote wawili wamegeuka mkwaju na namba.

Mtu ataniambia kwamba mwanafunzi alipata maksi na shahada yake, deni limekwisha. Silikubali hilo. Maksi ni malipo ya kujifunza. Ushahidi uliokwenda kwenye vitabu vya watu wengine ni mali ya aina nyingine, na haina mahali pake kwenye cheti.

Kwenye chuo hicho hicho, miaka michache tu baadaye, swali hili lilipata jibu tofauti. Walter Rodney, Mguyana aliyefundisha historia Mlimani, alipokuwa akikiandaa kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichotoka mwaka 1972, aliwapa mswada Karim Hirji na Henry Mapolu wausome na kuukosoa. Hao walikuwa wahariri wa Cheche, gazeti la wanafunzi lililoanza Novemba 1969 na kusimamishwa mwaka uliofuata. Hirji alikuwa mtu wa hisabati. Rodney aliwashukuru katika dibaji, jambo ambalo waandishi wote hufanya. Kisha akafanya jambo ambalo hawafanyi: alikataa kuandika ile sentensi ya kawaida kwamba makosa yote yaliyobaki ni yake peke yake. Alisema huo ni ubinafsi wa kibepari, na kwamba katika kazi kama hiyo dhamana ni ya wote, hasa dhamana ya kurekebisha kasoro.

Mara ya kwanza nilipoisoma dibaji hiyo niliiona kama maneno ya siasa za wakati ule. Sasa naiona kama sheria ya kazi. Mwandishi anapojibebesha makosa yote anaonekana mnyenyekevu, lakini papo hapo anajitwalia na kazi yote. Rodney alikuwa amewapa vijana mswada ambao haujakamilika, wenye mashimo, ambao bado ungeweza kubadilika kwa neno lao. Kama wamesoma wakasema sura fulani haisimami, na yeye akaiandika upya, basi wamo ndani ya sura hiyo, kwa uzuri wake na kwa ubaya wake. Mwalimu akikuonyesha kazi iliyokwisha kupigwa chapa, wewe ni msomaji. Akikuonyesha rasimu, mambo ni mengine.

Swali lililotangulia jibu

Kuna doa la pili katika mradi wa 1968, na hili limenichukua muda mrefu zaidi kuliona.

Makala ya Iliffe kuhusu jinsi vita vya Maji Maji vilivyopangwa ilichapishwa mwaka 1967. Hoja yake ilikuwa kwamba vita vilianza kama hasira ya wakulima, imani ya maji ikawaunganisha watu wa makabila mengi, na vilipoenea mbali zaidi kila jamii ikarudi kwenye mshikamano wake wa zamani. Ni makala nzuri. Lakini tarehe inasema kitu: hoja ilikuwa mezani kabla wanafunzi hawajaenda. Na nyuma ya hoja hiyo palikuwa na hamu ya taifa zima. Mwaka 1956 Nyerere alikuwa ameshaitaja Maji Maji mbele ya Umoja wa Mataifa kama ushahidi kwamba watu wetu hawakuwahi kukubali kutawaliwa. Taifa changa lilihitaji babu wa pamoja, na Maji Maji ilikuwa babu mzuri.

Kwa hiyo wanafunzi walikwenda wakiwa na masikio yaliyokwisha kuelekezwa upande mmoja: umoja, uongozi, sababu za kupigana. Walivisikia vitu hivyo, kwa sababu vilikuwepo. Tangu miaka ya 1990 wanahistoria wengine wamerudi kwenye vita hivi na kusikia mengine. Thaddeus Sunseri, mwaka 1997, aliandika juu ya Uzaramo na kuonyesha suala la njaa, nguruwe pori wanaoharibu mashamba, na wanawake walioachiwa kulinda mazao wanaume walipokuwa wametolewa kwenda kazi za mbali. Wengine wameuliza kama ule umoja ulikuwa mpana kiasi hicho. Wote wanaukuta mradi wa 1968 njiani, na sauti za wanawake humo ni chache.

Siwalaumu wale vijana. Mwanafunzi wa miaka 22 anayepewa maswali na idara yake si rahisi kwake kusema, "Mwalimu, bibi yangu hana habari na umoja, anaongelea nguruwe." Lakini fikiria kama mtu angemwuliza kabla ya safari: wewe ndiye unayetoka huko, tukaulize nini? Wapo waliolala kwenye nyumba moja na bibi ambaye alikuwa msichana mwaka 1905, wakasimuliwa mambo wakati wa kuchambua mboga. Walikuwa na maswali ambayo Mwingereza na hata Mtanzania wa uzamivu hawakuwa nayo. Ushirika wa mwaka 1968 ulikuwa mkubwa kwenye kutafuta na kuandika. Kwenye kuuliza ulikuwa mdogo. Na mwenye swali ndiye anayeamua nini kitahesabiwa kuwa jibu.

Kwenye lugha ndivyo hivyo. Mzee alisema kwa Kimatumbi, Kingoni, Kipogoro au Kiswahili. Kijitabu cha Ungoni kikatoka kwa Kiingereza, lugha ya chuo. Wazee waliotoa maneno wasingeweza kukisoma hata kama kingewafikia, na wajukuu wao wengi pia. Kazi iliyoanzia barazani haikurudi barazani.

Bibi aliyeuliza ukurasa

Nimeyasema haya ya Mlimani ya miaka mingi iliyopita kwa sababu niliyarudia mwenyewe, nikijua kabisa.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia mradi mdogo wa masimulizi katika chuo nilichokuwa nikifundisha wakati huo. Wanafunzi 11 wa mwaka wa tatu walikwenda kwao, wakarekodi kwa simu, wakaandika neno kwa neno. Kazi nzuri sana. Waliletewa habari na watu ambao mimi wasingenifungulia mlango. Ripoti ilipotoka ilikuwa na majina matatu, langu na ya wahadhiri wenzangu wawili, na mwishoni mstari mmoja wa kuwashukuru wanafunzi wetu kwa kusaidia kukusanya data. Utaratibu wa ofisi ulikuwa hivyo, na mimi sikuupinga. Nilitia sahihi.

Miezi miwili baadaye mwanafunzi mmoja, msichana wa upande wa Kilwa, aligonga mlango wangu. Alikuwa na nakala ya ripoti mkononi, ameikunja katikati. Aliniamkia, akakataa kukaa. Akasema, "Mwalimu, nilikwenda nyumbani nikampelekea bibi. Ameniuliza jina lake liko ukurasa wa ngapi."

Sikuwa na jibu. Bibi yake alikuwa "mhojiwa wa 7". Yeye mwenyewe alikuwa ndani ya neno "wanafunzi". Nilimwambia nitarekebisha, na ripoti ilikuwa imeshafungwa.

Ndipo nilipoyafungua upya yale makaratasi ya 1968 na kuyasoma kwa jicho lingine. Nilikuwa nimefundisha kwa miaka kwamba pale wanafunzi walikuwa wabia, na sikuwa nimejiuliza wamebaki wapi baada ya kazi kwisha.

Mwaka huu tumeanza tena, na darasa jingine. Jambo la kwanza lilikuwa kikao cha maswali, saa tatu nzima, kabla mtu yeyote hajakata tiketi. Niliweka rasimu yangu ubaoni: kwa nini watu walipigana, nani aliongoza, maji yalitolewaje. Niliwaambia wafute wanachotaka na waongeze wanachojua. Kwa dakika kama ishirini hakuna aliyegusa chaki. Hawakuamini kwamba nimemaanisha. Kisha kijana mmoja wa Liwale akainuka, akapiga mstari juu ya swali langu la kwanza, akageuka kunitazama, akaona sijasema kitu. Aliandika pembeni: walikula nini?

Nilimwomba aeleze. Akasema nyumbani kwao vita hivyo havisimuliwi kwa mapigano. Vinasimuliwa kwa njaa. Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Wajerumani walikadiria kwamba waliokufa walikuwa 75,000. Gwassa alipiga hesabu yake akafika kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa baada ya jeshi kuchoma mashamba na maghala. Swali langu la kwanza lingewapeleka vijana moja kwa moja kwa wapiganaji na kuwaruka waliokufa kimya kimya.

Hakuna tena shahidi wa 1905 aliye hai. Waliobaki ni waliosimuliwa na waliosimuliwa, na swali ilibidi ligeuzwe: bibi yako alikuambia walikula nini mwaka ule? Kijana yule alikwenda nalo kwa bibi yake mzaa mama. Kwenye rekodi anasikika akianza kuuliza, na bibi anamjibu kabla hajamaliza: ming'oko. Kisha anataja bonde walikokwenda kuichimba, nani alikwenda na nani hakurudi, na ile mizizi mingine michungu ambayo lazima ilowekwe mtoni siku kadhaa, na jinsi watoto wawili wa ukoo wao walivyoila kabla haijalowa vya kutosha kwa sababu hawakuweza kungoja. Anawataja kwa majina. Kuna kimya kirefu, kuku wanasikika, halafu bibi anamwuliza mjukuu wake, "Umeyaandika?"

Ameyaandika, kwa Kingindo na kwa Kiswahili, kurasa nne. Kwenye rasimu ya ripoti, jina la mjukuu liko juu, la bibi linafuata, na langu ni la tatu. Nakala ya Kiswahili inakwenda Liwale kwanza. Bibi akishaisomewa yote na kusema ni sawa, ndipo itakapopelekwa idarani.